Aya ya Nne ya Risala

Mwanangu Ashura,

Mama yako amekuchukua Mtendeni kutafuta sanduku ambalo zipu yake haitakufa njiani, nami nimefunga kibanda mapema na kuwaambia wateja kwamba mashine ya fotokopi imeharibika. Haijaharibika. Nataka saa mbili tatu za kuandika kabla hamjarudi, maana nikikukalisha chini nikwambie haya uso kwa uso nitaanza kuyapamba. Najijua. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta.

Mambo ya chumba, chakula na namna ya kuishi na mwenye nyumba wa Dodoma ameshakueleza mama yako, na najua ana mengine ya kukumalizia hadi mlangoni pa basi kesho asubuhi. Mimi nina jambo moja tu. Linamhusu huyo mama mheshimiwa unayekwenda kumwandikia hotuba, linanihusu mimi, na linamhusu Bi Nyamizi, yule mama wa upande wa Choma anayetuletea kidumu cha asali kila msimu. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini siionji asali yake, nikakujibu kwamba inanipa kiungulia. Sina kiungulia, Ashura. Sijawahi kuwa nacho.

Siku uliyorudi kutoka kwenye usaili hukukaa hata kwenye kiti. "Baba, mheshimiwa mwenyewe aliingia chumbani kuniona. Kasema hajawahi kukutana na kijana anayeandika kama mimi." Uliyasema hayo mara tatu kabla hujanawa mikono. Nilicheka pamoja nawe. Maneno hayo niliambiwa mimi pia, karibu yaleyale, na mkubwa mwingine, wakati wewe ukiwa darasa la pili.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili hapa Cheyo. Mkubwa huyo, ambaye sitamtaja jina wala cheo kwa sababu ana watoto na wajukuu, alikuja kwenye mahafali, akasikia risala niliyowaandikia wanafunzi, akaniita pembeni. Aliniambia, "Mwalimu, una kipaji kinachoozea hapa." Nilikuwa na miaka kumi na minne ya chaki mapafuni na hakuna mtu aliyekuwa ameniambia neno kama hilo. Wiki mbili baadaye nilikuwa ofisini kwake. Watu wa aina yake wana pua kali kwa hilo. Wanamjua mwenye njaa kwa sababu wao wenyewe wana njaa, na chakula cha kwanza wanakupa wao.

Kazi yangu ilikuwa risala. Kila alipokwenda, wananchi walimwandalia risala ya kumsomea mgeni rasmi, na unajua zinavyokwenda: shukrani, mafanikio, changamoto, maombi. Lakini risala haisomwi hivihivi. Inatangulia ofisini siku chache kabla ili mtu aipitie, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilianza kwa kuweka nukta na mkato, wallahi. Baadaye nikaanza kulainisha. Walipoandika "hatuna maji" niliandika "huduma ya maji bado inaendelea kuboreshwa". Walipoandika "tunaomba kwa mara ya tano" niliondoa hiyo mara ya tano, maana ingemuudhi. Hakuna aliyeniagiza. Hilo ndilo nataka ulisome mara mbili. Katika muda wote niliokaa pale, hakuna siku hata moja aliyonitazama usoni akasema, Mwalimu, ondoa hili.

Hakuhitaji kusema. Tulimsoma. Tulijua hali ya hewa ya uso wake kuliko wakulima wa tumbaku wanavyoijua mvua. Alikuwa mtu mwema kwa mambo mengi, sitaki umfikirie kama jini. Aliwakumbuka watoto wa madereva kwa majina. Mama yako alipolazwa alinitafuta yeye mwenyewe kwa simu. Lakini alikuwa na kitu ndani yake kisichoshiba. Mkutano unaweza kujaa uwanja, watu wakapiga makofi hadi vumbi likapanda, yeye akashuka jukwaani na kuniuliza, "Yule mwenye kofia ya kijani, pale nyuma karibu na baiskeli, aliyekunja mikono, ni nani yule?" Kati ya umati wote alimwona huyo mmoja. Njia nzima ya kurudi tulimzungumza mwenye kofia ya kijani. Kumbe masikini ya Mungu alikuwa kavunjika mkono, kauning'iniza kwenye kitambaa.

Usiku alisoma yale ambayo watu wasiojulikana walimwandikia kwenye simu, na asubuhi alikuja nayo kichwani, neno kwa neno, akiyajibu mbele yetu ambao hatukuyaandika. Kuna mwalimu mmoja alitazama saa wakati mkubwa akihutubia, akahamishwa. Mimi ndiye niliyeandika ile barua ya uhamisho. Niliiandika kwa Kiswahili kizuri sana.

Siku moja tukitoka Nzega, tairi limepasuka na dereva yuko chini ya gari, alinisimulia kuhusu baba yake. Baba yake alikuwa katekista, mtu wa msimamo. Kijana aliporudi na ripoti ya shule akiwa wa pili, mzee aliitazama akauliza neno moja tu: "Wa kwanza nani?" Akairudisha, akaendelea kula. "Mpaka leo nalikumbuka jina la huyo wa kwanza," akaniambia, kisha akacheka, nami nikacheka kwa sababu yeye kacheka. Nilimhurumia. Bado namhurumia. Lakini mzee yule alikuwa amekufa miaka mingi, na sisi wilaya nzima tulikuwa tunapigishwa makofi ili marehemu asikie.

Nimefikiri sana kwa nini makofi hayakumtosha. Nadhani alijua. Mtu anayepigiwa makofi na watu wanaomwogopa anajua moyoni kwamba yale siyo makofi yake, ni ya kiti. Basi anataka mengine, huenda hayo yakawa ya kweli. Na kadiri anavyotaka ndivyo wanaosema ukweli wanavyomkimbia mmoja mmoja, hata anabaki na sisi tuliobobea kumvika kilemba cha ukoka. Akatuuliza sisi kama anapendwa. Tungemjibu nini? Tulimjibu, na hakutuamini, akauliza tena kesho yake.

Sasa nije kwa Bi Nyamizi.

Kijiji chake kina zahanati ng'ambo ya korongo. Kiangazi unavuka kwa viatu. Mvua ikinyesha, unavuka juu ya kalavati, na kalavati lile lilikuwa limeliwa na maji chini, limebaki kama jino bovu. Mheshimiwa alipangiwa kwenda pale kufungua jengo la ofisi ya kijiji. Wakaandika risala, wakaituma. Aya ya nne ilisema, nakumbuka kila herufi: "Mheshimiwa, tunakuomba utuonee huruma kalavati letu. Masika haya halitasimama, na upande wa pili ndiko zahanati iliko. Wajawazito wetu watafia kwenye tope." Waliandika hivyo, kavu kabisa.

Wiki ile mkubwa hakuwa sawa. Alikuwa amerudi kutoka kikao fulani alikosemwa mbele ya wenzake, na siku nzima alikuwa hatazami mtu. Nikaisoma aya ile nikaona uso wake jukwaani ukikunjamana, na nikaona safari ya kurudi, saa tatu ndani ya gari na kisirani chake. Nikaifuta. Nilijiambia nitamnong'oneza siku nyingine, akiwa na nafasi. Nikachapa upya, aya ya tano ikawa ya nne, ukurasa ukakaa vizuri kuliko mwanzo.

Bi Nyamizi ndiye aliyechaguliwa kusoma, kwa sababu sauti yake inafika mbali bila kipaza. Alikuwa ameifanyia mazoezi ile ya kwanza. Mimi nilimpa hii ya pili pale pale, dakika chache kabla ya kuitwa, nikamwambia imechapwa safi ofisini. Akashukuru. Akasoma vizuri, shukrani, mafanikio. Alipofika mahali pale akanyamaza. Niliona macho yake yakishuka, yakapanda. Kisha akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake kama imeandikwa huko. Nyuma kulikuwa kweupe. Akaigeuza tena, akamalizia: "Mwisho kabisa, mheshimiwa mgeni rasmi, tunakukaribisha tena." Makofi, vigelegele, ngoma ikapigwa. Wazee wakamvika mheshimiwa mgolole, wakampa mkuki na kigoda, wakamwita mtemi. Njiani alikuwa na furaha kama mtoto. Aliniuliza mara mbili, "Wamenipenda, eeh?" Nikamwambia, "Wamekupenda sana, mheshimiwa." Na mimi, Ashura, nilikuwa na furaha kwa sababu yeye ana furaha.

Masika yakaja. Binti yake Bi Nyamizi, aliyekuwa na umri kama wako leo, alishikwa na uchungu asubuhi, mtoto kakaa vibaya. Wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakafika korongoni, kalavati halipo. Limekwenda na maji alfajiri ile. Wakasubiri maji yapungue. Walisubiri tangu kabla ya Adhuhuri mpaka Alasiri ikapita, mvua inanyesha, mabati ya zahanati wanayaona ng'ambo, muuguzi kasimama upande wa pili anawapigia kelele namna ya kumlaza. Damu haikukata. Walikufa wote wawili pale kwenye mkokoteni, mama na mtoto wake.

Tulikwenda kutoa pole, msafara mzima. Mheshimiwa alizungumza vizuri, alitoa rambirambi, na machozi yalimtoka, na yalikuwa machozi ya kweli. Watu walikaa kimya chini, kama watu wanavyokaa msibani. Tulipoingia garini aliegemea kioo. Kisha akaniuliza:

"Mwalimu, umeona walivyonitazama?"

"Wana msiba, mheshimiwa."

"Najua wana msiba. Nauliza mimi. Wamesema nini nilipotoka?"

Nikamwambia wamesema ana moyo wa kibinadamu. Hakuna aliyesema hivyo. Akashusha pumzi, akalala mpaka tukafika Tabora.

Ninachokumbuka mimi ni kilichotangulia hapo, tukiwa bado msibani. Bi Nyamizi aliinuka kwenye mkeka akanifuata penye viatu. Nilijua anachotaka kuuliza.

"Mwalimu, shikamoo." Ananizidi umri, lakini kwa ajili ya ualimu aliniamkia.

"Marahaba, mama. Pole sana."

"Nimeshapoa. Mwalimu, ile aya yetu ya kalavati ilidondokea wapi?"

Nikamwambia, "Ilirukwa kwenye kuchapa, mama."

Akanitazama. Akatikisa kichwa taratibu. "Ah. Mashine nazo," akasema. "Pole, Mwalimu." Akanishika mkono. Alinipa pole mimi, binti yake hajafikisha siku tatu kaburini.

Mwezi uliofuata tukiwa ofisini, mkubwa alitoa kichwa kwenye mafaili ghafla. "Lakini kwa nini hawakuniambia?" akauliza. "Mafundi ninao, saruji ilikuwapo stoo. Kalavati lile ni kazi ya wiki mbili. Ningelijenga, wangenipigia makofi mpaka leo." Alikuwa anasema kweli. Nimeligeuza jambo hili kila upande kwa miaka na sijapata pa kutokea. Njaa ileile niliyokuwa naiogopa ndiyo ingejenga lile kalavati. Angekunja uso jukwaani kwa nusu saa, angenuna njiani, kisha angelijenga ili apendwe. Yule binti angekuwa hai. Nilimuua, mimi na woga wangu wa kununiwa ndani ya gari.

Siku ile sikumwambia kwamba niliifuta. Nilisema, "Sijui, mheshimiwa."

Niliacha kazi baada ya miezi minne, na wewe ukaambiwa baba kachoka kusafiri. Kabla ya kuondoka niliwaandikia watu wale barua ya kuomba kalavati, nikaipitisha kwa mkono wangu meza hadi meza. Lilijengwa. Lina jiwe lenye jina la mheshimiwa. Alikwenda kulizindua mwenyewe, na nasikia shangwe ilikuwa kubwa. Na Bi Nyamizi, kwa kuwa nilihangaika na barua ile, akaanza kuniletea asali. Kila msimu anakaa pale barazani kwetu, anakunywa chai, ananiita mtu aliyewasaidia. Kila msimu nafungua mdomo, kisha naomba aongezwe chai.

Unajua baba wa babu yangu alikuwa kirangozi, mtu wa kutangulia misafara ya kutoka hapa kwenda pwani na kwenda Ujiji. Nimejigamba naye kwenye kila harusi. Babu alisimulia kwamba kirangozi alivaa manyoya, akaimbiwa, akala kabla ya wapagazi. Lakini siku kisima kilipokutwa kimekauka, ni yeye aliyegeuka na kuwaambia watu wenye mizigo mabegani kwamba maji hayapo, watembee tena. Walimtukana, wengine walitupa mizigo. Sehemu hiyo ya hadithi huwa siisimulii harusini.

Sikuandiki ili usiende. Nenda. Kazi ni nzuri na wewe unaandika kunishinda. Na huyo mama sijamwona, huenda ni mtu aliyeshiba. Lakini nimesikiliza unavyomtaja. Simu yako ikilia siku hizi unaruka, na akikuandikia "safi sana" unamsomea mama yako jikoni. Hivyo ndivyo nilivyoanza mimi. Tunadhani wao ndio wenye ugonjwa, sisi tunawahudumia tu. Mimi nilikuwa mgonjwa kumshinda. Yeye alitaka kupendwa na wilaya nzima. Mimi nilitaka kupendwa na mtu mmoja, nikamlipa mtu huyo kwa mwana wa mwenzangu.

Sasa kuna la juzi. Ulinisomea hotuba uliyomwandikia ya kuanza kazi, ile ya wafugaji na malisho. Ukauliza, "Baba, imekaaje?" Nikakwambia imekaa vizuri mno. Nilikudanganya. Lugha ni tamu, lakini wafugaji hawamo ndani yake. Ile taarifa uliyotumiwa inasema ng'ombe wanakufa na watu wamepigana kwenye visima. Nimeiona mezani kwako, umeipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kwenye hotuba umeandika "ustahimilivu wa wafugaji wetu". Nilipolisikia neno hilo nililitambua, na bado nikakusifu, kwa sababu ulikuwa unanitazama kwa macho yale unayonitazama nayo tangu utotoni na sikutaka yabadilike.

Ndani ya bahasha hii kuna fotokopi ya risala ya kwanza, iliyoandikwa kwa mkono, yenye aya ya nne. Niliificha kwenye faili la kodi ya kibanda kwa muda wote huu. Hii ya asili ninabaki nayo, maana kesho basi lako likishatoka nitapanda gari la Choma. Nitampa Bi Nyamizi mkononi, naye aone kwamba haikurukwa na mashine. Sijui atafanya nini. Anaweza kunifukuza, anaweza kuwaita wanawe. Mama yako ameshajua tangu jana. Hajasema nami neno zaidi ya "chakula tayari", na ndiyo maana mmekwenda Mtendeni bila mimi.

Utaikuta barua hii chini ya khanga zako utakapofungua sanduku. Kesho jioni nitakupigia simu. Nitajifanya nauliza kuhusu barabara, na joto, na kama mwenye nyumba ni mtu mzuri. Utanisikia nikizunguka. Nitakuwa nataka uniambie kwamba mimi bado ni baba mzuri, na nitalitaka hilo kama yule mkubwa wangu alivyolitaka ndani ya gari, msiba uko nyuma yetu. Usinipe, Ashura. Usinipe kwa sababu nimelia kwenye simu, wala kwa sababu nimezeeka.

Niambie umefika. Kisha kata simu, ukaiandike upya hotuba ya wafugaji.

Baba yako